Jinsi ya kuendesha jumuiya ya ujifunzaji ya walimu wa kusoma

Mwalimu wa Darasa la Kwanza hujifunza kufundisha kusoma kwa njia zilezile ambazo mtoto hujifunza kusoma. Anahitaji kuona jambo likifanyika, kulijaribu mwenyewe, kusahihishwa palepale na mtu anayemwamini, kisha kulirudia mpaka limkae. Mbele ya watoto tunalijua hilo. Tukikutana walimu kwa walimu tunalisahau: mmoja anasimama na kusoma makala neno kwa neno, wengine wananukuu, chai inakuja, mahudhurio yanasainiwa, tunatawanyika. Jumatatu ubao unaandikwa vilevile.

Nafundisha Darasa la Kwanza wilayani Maswa, mkoani Simiyu, na ndiye ninayewezesha jumuiya ya ujifunzaji ya walimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) shuleni kwetu. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, umeweka jumuiya hizi ndani ya shule zenyewe, walimu wakae wao kwa wao wazungumzie ufundishaji wao. Nauamini mpango huo kwa sababu unamwacha mwalimu karibu na watoto wake. Ila jumuiya inaweza kugeuka semina ndogo isiyo na posho, na hapo walimu wataikimbia. Ninamwandikia yule aliyeteuliwa juzi kuwa mwezeshaji na hajui aanzie wapi. Nadharia nitazitaja, maana zinakusaidia wewe kujua kwa nini jambo fulani linafanya kazi na jingine halifanyi. Usizifanye mada ya kikao. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia darasani anataka kujua la kufanya kesho asubuhi.

Kikao kianze na karatasi za watoto

Siku mbili kabla ya kikao, mwombe kila mwalimu awasikilize watoto watano, mmojammoja, nje ya darasa au chini ya mti. Ampe mtoto kadi za silabi zilizochanganywa, si kwa mpangilio wa ma, me, mi, mo, mu. Kisha aandike hasa alichosema mtoto. Akioneshwa "mo" akaanza "ma, me, mi..." ndipo akafika "mo", iandikwe hivyohivyo. Asiandike "amejaribu" wala "anahitaji msaada". Maneno hayo hayamwambii mtu kitu.

Karatasi hizo ndizo ajenda yako. Malcolm Knowles, Mmarekani aliyeandika sana kuhusu elimu ya watu wazima, alieleza kwamba mtu mzima hujifunza akiona sababu ya kujifunza, akija na uzoefu wake mwenyewe, na akiwa na tatizo lililo mikononi mwake. Huku Kanda ya Ziwa tuna historia ya jambo hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mradi wa majaribio wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO uliendeshwa kutokea Mwanza, na watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyozungumzia pamba, migomba na uvuvi, kazi zao za kila siku. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wazee wa vijiji vyetu walijua kusoma kwa njia hiyo. Pamba ya mwalimu wa kusoma ni ile karatasi yenye makosa ya watoto wake.

Wafanye walimu kuwa wasomaji wapya

Hapa nitakaa kidogo, maana hili ndilo zoezi ninalolithamini kuliko yote.

Andaa bango nyumbani. Chagua herufi saba tu: a, b, i, k, m, n, t. Kila moja ibunie alama isiyofanana na herufi yoyote: duara lenye nukta katikati, pembetatu iliyopinduliwa, mistari miwili iliyolala, na kadhalika. Wafundishe walimu alama hizo kwa dakika tano kama unavyowafundisha watoto, halafu ficha ufunguo. Andika kwa alama zako sentensi hii: Baba anakata mti, kaka anabanika bata. Usiisome. Mwite mwalimu mmoja aje mbele aisome kwa sauti.

Nimelifanya na walimu waliokula chaki miaka mingi. Mtu anayesoma gazeti bila kutikisa midomo anaweka kidole kwenye alama ya kwanza na kuvuta "b... b...". Anainua macho kuutafuta ufunguo uliofichwa. Anakisia. Wenzake wanaanza kumnong'oneza jibu, naye anazidi kupotea. Akifika kwenye "bata" anashusha pumzi. Hapo muulize: nani anabanika bata? Mara nyingi hajui. Ametamka kila neno kwa usahihi na maana imempita. Muulize pia alijisikiaje waliponong'ona, na kama angependa kuitwa tena.

Mpe nafasi aeleze mwenyewe, usimkatize. Baada ya hapo ndipo uongeze maelezo machache. Akili hushika vitu vichache kwa mara moja: mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kuhusu vitu saba, kuongeza au kupunguza viwili, na watafiti wa baadaye wameishusha idadi hiyo hadi karibu na vinne. Mtoto anayetumia nafasi hizo zote kuvuta sauti ya kila herufi hana pa kuiweka maana ya sentensi. Watafiti David LaBerge na Jay Samuels walieleza mwaka 1974 kwamba utambuzi wa maneno lazima ufanyike wenyewe, bila kufikiriwa, ndipo akili iwe huru kuelewa. Walimu waliokwisha kutoka jasho kwa ajili ya bata hawahitaji zaidi ya hayo. Watakuuliza wenyewe: sasa mtoto anayesoma kwa kudonoa nimfanyie nini? Na hapo mnaweza kukubaliana jambo la kufanya. Asome andiko lilelile fupi mara tatu au nne kwa siku mbili tatu, pamoja na mwenzake, mpaka maneno yatoke bila kuvutwa. Kitabu kipya kila siku kinamrudisha mwanzo.

Jambo moja kwa kikao kimoja

Katika karatasi mtaona matatizo mengi. Chagueni moja. Mwezeshaji mgeni hutaka kumaliza yote, kuanzia sauti za herufi hadi ufahamu, kwa sababu anaogopa walimu watasema kikao kilikuwa chepesi. Kinachoelemea akili ya mtoto kinaielemea na ya mwalimu.

Tuseme mmechagua lile la silabi zinazoimbwa kama wimbo. Watoto wanaimba ma-me-mi-mo-mu vizuri sana, hata mgeni akipita dirishani anasifu, lakini ukiinyooshea kidole "mo" peke yake mtoto anatazama mdomo wa jirani. Bruce Joyce na Beverly Showers, walioandika kuhusu mafunzo ya walimu tangu miaka ya 1980, walitenga sehemu za mafunzo yanayofika darasani: maelezo ya nadharia, onyesho, mazoezi, mrejesho, na kufuatwa na mwenzako ukiwa kazini. Maelezo peke yake hubaki kwenye daftari la semina. Kwa hiyo maelezo nayapa dakika tano tu: silabi kama "mo" ni sauti mbili zilizounganishwa, na mtoto anayesoma anaziunganisha mwenyewe, haikumbuki nafasi yake katika wimbo. Yanayobaki ni vitendo.

Onyesho liwe na watoto halisi. Wabakize watoto wanane baada ya vipindi, kwa taarifa kwa wazazi wao, na usichague wale hodari. Mwalimu mmoja afundishe kwa dakika kumi. Wengine wasimtazame yeye. Kila mmoja apewe watoto wawili wa kuwatazama midomo, macho na vidole. Huo ugawaji ni muhimu kuliko unavyoonekana. Mwalimu akijua anayetazamwa ni mtoto, hofu inampungua, na mazungumzo baadaye yanahusu kujifunza badala ya uzuri wa sauti yake au unadhifu wa andalio la somo.

Hatua za kipindi hicho ni zile tunazozijua: nafanya mimi, tunafanya pamoja, fanya wewe. Mwalimu anaiweka kadi ya m, anatamka sauti, si jina la herufi. Anasogeza kadi ya o, anaziunganisha. Kisha anasogeza pamoja na watoto. Kisha mtoto anasogeza peke yake, akibadilishiwa irabu bila mpangilio. Lev Vygotsky, Mrusi aliyefariki mwaka 1934 akiwa bado kijana, aliandika kuhusu lile eneo lililo kati ya anachoweza mtoto peke yake na anachoweza akisaidiwa na mjuzi. David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross wakaonesha mwaka 1976, kwa watoto wadogo waliokuwa wakipanga vipande vya mbao, jinsi msaidizi mzuri anavyopunguza msaada kadiri mtoto anavyoweza. Walimu wengi wanaizembea hatua ya katikati. Wanaonesha, kisha wanampa mtoto zoezi. Ukiwa umegawa watazamaji, mmoja wao atakuambia: "Mtoto wangu alipoachiwa kadi hakujua ashike ipi." Hiyo sentensi moja inazidi ukurasa mzima wa moduli ya mafunzo.

Halafu walimu wajaribu wawiliwawili, palepale, na kadi zilezile. Usiruhusu mtu aseme "nimeelewa" akiwa amekaa.

Usimnyang'anye mwalimu alicho nacho

Kuhusu kuimba kwa pamoja, sikubaliani na wanaotaka kukufuta. Kurudiarudia kuna kazi yake. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionesha kwamba tendo linaloimarishwa, yaani linalofuatwa na sifa au zawadi, mara moja baada ya kufanyika hurudiwa, na katika darasa la watoto mia, wimbo ndio unaompa kila mtoto nafasi ya kutamka. Kasoro yake ni kwamba anayekosea hasikiki. Basi mwambie mwalimu aendelee na wimbo wake, ila baada ya wimbo aoneshe kadi moja bila mpangilio, mstari mmoja tu wa madawati ujibu, kisha mtoto mmoja. Hapo umeongeza juu ya anachokijua na hujamvunja moyo. Mwanasaikolojia David Ausubel alisisitiza mwaka 1968 kwamba jambo kubwa kuliko yote katika kujifunza ni kile ambacho mwanafunzi tayari anakijua. Mwalimu naye ni mwanafunzi.

Kanuni hiyohiyo inatufaa kwa lugha za nyumbani. Watoto wetu wengi wanaingia shule wakizungumza Kisukuma, na Kisukuma hakina r. "Rula" inatoka "lula", "karanga" inatoka "kalanga". Mwalimu aliyehamia kutoka mkoa mwingine huandika kwenye karatasi yake "hajui herufi r". Mkiwa kikaoni muombe ampe mtoto rundo la kadi achague r na l. Mara nyingi atazitenganisha bila shida. Macho yake yanajua. Kinachohitaji mazoezi ni sikio na ulimi. Mchezo wa kusikiliza jozi unatosha kuanzia: kura na kula, mahari na mahali, anyooshe mkono akisikia r. Asihukumiwe kuwa hajui kusoma kwa sababu ya namna anavyotamka. Na mtoto huyohuyo ana mtaji ambao wa mahali pengine hana. Sauti ng', inayowasumbua wengi nchini, imejaa katika majina ya huku kwetu: Ng'wandu, Ng'washi. Anayekwenda kufundisha ng'ombe na ng'oa aanze kwa kuandika ubaoni majina ya watoto wake.

Mfuate darasani

Kikao kikiisha kazi iko nusu. Ndani ya wiki hiyo pita katika darasa la kila mwalimu kwa dakika kumi na tano, kwa siku mliyokubaliana. Usishike fomu. Mthibiti ubora wa shule ana fomu yake na kazi yake, nawe ni mwenzake huyo mwalimu. Kaa nyuma karibu na watoto wawili, sikiliza wanavyosoma, na baadaye mwambie mwalimu mambo mawili: kimoja ulichoona mtoto akikifanya kwa sababu ya alichofundisha, na kimoja cha kujaribu kesho. Viwili tu. Kama kishikwambi kiko shuleni na kina chaji, rekodi sauti ya mtoto akisoma, muisikilize pamoja. Nimeona mwalimu akirudia rekodi ya mtoto mmoja mara kadhaa, kimya, kisha akasema, "Kumbe anaruka irabu ya mwisho." Hakuhitaji neno langu.

Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hujengwa kwanza na kufanikiwa kwake mwenyewe, kisha na kumwona mwingine anayefanana naye akifanikiwa; maneno ya kutia moyo yako chini ya hayo. Hii ndiyo sababu sipendi video za madarasa yenye watoto ishirini na tano na zulia. Mwalimu wa kwetu akiitazama anasema moyoni, "huyo anaweza, mimi siwezi." Mpeleke katika darasa la jirani lenye msongamano kama lake, madawati kama yake, ambako kadi zimekatwa kwa maboksi ya sabuni. Akimwona mwenzake anafanya, udhuru unakwisha bila ugomvi.

Mtafiti wa elimu Thomas Guskey naye aliandika mwaka 1986 kwamba mara nyingi mwalimu hubadilisha imani yake baada ya kuona matokeo kwa wanafunzi wake, si kabla. Kwa hiyo usipoteze nguvu kubishana na yule mzee wa kazi anayesema mambo haya ni ya wafadhili na yatapita. Mheshimu, yeye ameona mitaala mingi ikija na kuondoka. Mwombe ajaribu na watoto watano tu, kwa wiki mbili, na awasikilize mwanzo na mwisho. Wiki ya tatu yeye ndiye awasilishe kikaoni.

Mwalimu mpya usimpandishe jukwaani

Kila mwaka tunapokea walimu wa ajira mpya au wa kujitolea, na Darasa la Kwanza ndilo wanalotupiwa. Mwanaanthropolojia Jean Lave aliwachunguza mafundi cherehani wa Liberia, na mwaka 1991 yeye na Etienne Wenger wakaandika kuhusu jinsi mwanagenzi anavyoingia katika ufundi kupitia kazi za pembeni. Wanagenzi wale walianza na kumalizia nguo, vifungo na pindo, kabla ya kushona, na kukata kitambaa kulikuja mwisho. Mwanagenzi alipofika kwenye kukata alikuwa ameshaona nguo nzima inavyotakiwa kuwa.

Mpangie mwalimu mpya hivyo. Wiki za mwanzo akate na kuandika kadi pamoja na mwenyeji wake. Kisha awasikilize watoto mmojammoja na kujaza karatasi. Kisha aongoze ile hatua ya "tunafanya pamoja" kwa kundi dogo. Kipindi kizima cha kusoma aachiwe baadaye. Utahitaji kuzungumza na mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma ili ratiba iruhusu, na penye upungufu wa walimu haitawezekana kwa ukamilifu. Hata wiki moja ya kuwasikiliza watoto kabla ya kushika chaki inafaa.

Muda, marudio na daftari

Kikao kisizidi saa moja. Kianze watoto wakishaondoka, kiishe kabla ya jua kuwatisha wanaotembea mbali au wenye watoto wachanga nyumbani. Msimu wa kilimo punguza, watu wana mashamba. Mwombe mwalimu mkuu aheshimu siku hiyo asiweke kikao kingine juu yake, na mkaribishe Afisa Elimu Kata mara mojamoja, aje kama mshiriki na akae na watoto wawili wa kuwatazama kama wengine.

Kila kikao kianze na jambo la kikao kilichopita, na baada ya mwezi lirudi tena. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipima kusahau kwake mwenyewe, akachapisha mwaka 1885: kinachojifunzwa hupotea haraka katika saa na siku za mwanzo, na marudio yaliyotawanywa hushikilia kuliko yaliyorundikwa siku moja. Warsha ya siku tano mfululizo inakwenda kinyume na hilo. Vikao vifupi vya mara kwa mara vinakwenda nalo, na ndiyo nguvu ya jumuiya iliyo shuleni.

Andika katika daftari moja: tarehe, tatizo mlilochagua, sauti au silabi husika, mlichojaribu, na walichosoma wale watoto watano kabla na baada. Usiandike hotuba za ufunguzi. Uhamisho ukikufika, kabidhi daftari kwa mwalimu wa taaluma pamoja na boksi la kadi na bango la zile alama saba, na umwoneshe anayekurithi ukurasa wa tatizo ambalo hamjalimaliza.